National Theatre ya London: zege lisilopigwa lipu

Nianze na ukuta, maana ukuta ndio unaonilisha. Mimi ni seremala wa saiti. Nafunga mbao, wenzangu wanasuka nondo, zege linamwagwa, likishakamata nafungua mbao zangu nahamia ghorofa inayofuata. Kazi hii nilifundishwa Tanga na mjomba wangu, na ndiyo ninayoifanya London mpaka leo. Haina shukrani. Ukishamaliza wanakuja watu wa lipu, wanafuata watu wa rangi, na kila ulichofanya kinazikwa. Umepinda, wanafukia, umenyoosha, wanafukia vilevile. Sasa pale ukingo wa kusini wa mto Thames, ubavuni mwa Waterloo Bridge, kuna jumba kubwa la umma ambalo hakuna aliyekuja kufukia. Ni National Theatre, jumba la maigizo la taifa la Uingereza. Kazi ya seremala imeachwa wazi, nje na ndani, tangu 1976.

Tathmini nyingi za mahali pale zimeandikwa na wapenzi wa tamthilia, na karibu zote zinasema nani aliigiza nini na alilia vizuri kiasi gani. Mimi nataka kuzungumzia jengo lenyewe, na kama inafaa wewe uliyeko London, au unayepita kwa wiki moja kumsalimia shangazi, ukatize mji kwenda kulitazama. Jibu langu ni uende. Uende hata kama huna mpango wa kukata tiketi.

Najua utasikia maneno. Kwenye kazi yetu foromani mmoja wa Kiayalandi huliita gereji. Mwaka 1988 Charles, mfalme wa sasa wa Uingereza, wakati huo bado mwana wa malkia, alisema hadharani kwamba ni njia ya werevu ya kujenga kituo cha umeme wa nyuklia katikati ya London bila mtu kupinga. Waingereza wengine waliokulia na majumba ya matofali mekundu wanakubaliana naye kabisa. Ukivuka daraja ukitokea Strand utaliona mkono wa kushoto: matabaka ya zege yaliyolala, moja juu ya jingine, yakitokeza na kurudi ndani, na juu yake minara miwili isiyo na dirisha hata moja. Hiyo minara ndiyo inayowaudhi watu, na ndiyo iliyo na sababu ya wazi kuliko kitu kingine chochote pale. Juu ya jukwaa la maigizo lazima kuwe na nafasi ndefu ya kupandishia mapazia, taa na mandhari, vitundikwe huko visionekane na watazamaji mpaka vitakapohitajika. Majumba ya zamani ya maigizo yana minara hiyohiyo, ila yameificha nyuma ya sura ya mbele yenye nguzo na malaika wa plasta. Msanifu wa hili, Denys Lasdun, hakuficha. Alisema, kwa zege, kwamba jukwaa liko hapa na jingine liko pale. Serikali nayo ilikuja kuliweka kwenye orodha ya majengo yanayolindwa kisheria mwaka 1994, daraja la pili lenye nyota, kwa hiyo wanaotaka livunjwe watasubiri sana.

Historia yake niipitie haraka. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1951, tena kwenye kiwanja kingine, si hiki. Kampuni yenyewe ya maigizo ilianza mwaka 1963 chini ya mwigizaji Laurence Olivier, ikiwa imepanga kwenye ukumbi wa Old Vic. Mwaka huohuo Lasdun akapewa kazi ya kuchora jumba lake, na yeye hakuwa amewahi kujenga ukumbi wa maigizo hata mmoja. Ujenzi ukaanza mwaka 1969. Ukumbi wa kwanza ulifunguliwa Machi 1976, malkia akaja Oktoba, ukumbi wa tatu ukangoja mpaka 1977. Kutoka jiwe la msingi mpaka malkia ni miaka 25. Sisi tunaojenga kwa awamu, leo msingi, mwakani lenta, hatuna la kuwacheka.

Turudi ukutani.

Mjomba alipokuja kututembelea, nilimpeleka huko kabla ya kumpeleka Buckingham. Mke wangu hakufurahi. "Mzee wa watu umemtoa Muheza kuja kumwonyesha zege?" Nikamwambia subiri. Mjomba ni mtu wa maneno machache na alikuwa amevaa koti langu la saiti lililompwaya, baridi ilikuwa imemkamata. Tulipofika kwenye ukuta ulio karibu na mlango, akavua glavu, akapitisha ukucha kwenye zege, polepole, kutoka kushoto kwenda kulia.

"Hawa waliishiwa hela ya lipu?"

"Hapana mjomba. Walitaka hivihivi."

"Mbao gani hii?"

"Douglas fir. Jamii ya msonobari, ya Amerika Kaskazini."

"Haikupigwa randa."

"Haikupigwa."

"Makusudi?"

"Makusudi, mjomba."

Akakaa kimya, kisha akainama akakaribia kabisa mpaka pua inagusa. Ninamjua, hapo alikuwa anasoma. Maana ukuta ule unasomeka. Kila ubao umeacha nyuzi zake kwenye zege, mistari ya msumeno, mafundo, hata pale palipokuwa na ufa mdogo pembeni ya fundo, ufa umehamia kwenye zege ukabaki. Ubao mmoja umeingia ndani kidogo kuliko jirani yake, kiasi cha unene wa shilingi, kwa hiyo jua la ubavuni likipiga, ukuta mzima unafanya vivuli vyembamba. Kati ya ubao na ubao kuna kiukingo chembamba ambapo uji wa saruji ulitaka kupenya ukazuiliwa. Mjomba alipata fundo moja kubwa, jicho kabisa, akaliwekea kidole gumba. "Mbao hii ningeikataa," akasema. Halafu baadaye kidogo: "Lakini wao wameiweka pazuri."

Kwa asiyejua kazi hii, nieleze kwa nini mzee alikuwa anatikisa kichwa. Zege la kupigwa lipu linasamehe. Mbao zikiachia nafasi, uji wa saruji unavuja, kokoto zinabaki zimekodoa macho na mashimo katikati yake. Unaziba, unapaka, mwenye nyumba hajui. Vibreta, mashine ya kutikisa zege lishikamane, ukiikaa nayo sana mahali pamoja kokoto zinazama na maji yanapanda. Ukiikaa nayo kidogo, mapovu. Ukifungua mbao mapema, zinatoka na ngozi ya zege. Na saruji ikija leo ya gari hili na kesho ya gari lile, mchanga wa machimbo tofauti, rangi inabadilika. Yote hayo kwetu yanafichika. Pale hayakuweza kufichika, kwa sababu walishaamua toka mwanzo kwamba kinachotoka kwenye mbao ndicho kitakachobaki. Kosa la Jumatatu asubuhi litatazamwa na watu miaka hamsini. Sasa fikiria jengo zima limetoka hivyo: nguzo, boriti, ngazi, kuta za ndani za ukumbi, kingo za roshani. Na kona! Kona za pale ni kali, zimenyooka. Zege kwenye kona ndipo linapomeguka kwanza, kila mtu wa saiti anajua. Nimezunguka jengo lile nikitafuta kona mbovu kama mtu anayetafuta ugomvi, na nimezipata, lakini chache.

"Waliofunga hapa," mjomba akasema, "walilipwa kwa siku, si kwa mita." Hakuna sifa kubwa zaidi ya hiyo kutoka kwake.

Mvua ilikuwa imeanza, ile ya London isiyokunyeshea wala kukuacha, na hapo ndipo jengo linapoonyesha udhaifu wake. Zege tupu na manyunyu havipatani. Likiwa kavu lina rangi ya kijivu yenye joto fulani, karibu ya mchanga. Likilowa linakuwa jeusi kwa mabakamabaka, na sehemu ambazo maji hutiririka kutoka kwenye kingo za roshani zimeacha michirizi ya kudumu. Ndugu zangu wa Dar wanaolijua Soko la Kariakoo, lile alilolichora Beda Amuli miaka ya 1970, watanielewa. Pale Kariakoo miavuli mikubwa ya zege juu ya soko ilichorwa ikusanye maji ya mvua iyapeleke kwenye hifadhi, na siku za kawaida jua lilikata vivuli vikali mpaka jengo likawa na sura mpya kila saa. Moto wa 2021 uliharibu sana, lakini wazo lilikuwa sahihi kwa hali ya hewa ya pale. Hili la London, kwa maoni yangu, lilichorwa na mtu aliyekuwa na jua la Ugiriki kichwani. Na kweli ukumbi wake mkubwa aliuchora akitazama ukumbi wa kale wa Epidaurus. Wazo la mteremko wa viti alilileta kutoka huko. Jua ndilo alilishindwa kulibeba. Nenda siku ya jua la jioni, mwezi wa tano au wa tisa, utaona alichokuwa anakikusudia. Nenda Februari na utamwelewa foromani wangu.

Mjomba alitetemeka, tukaingia ndani, na ndani ndiko nakokupenda kuliko kote.

Lasdun aliziita sebule zake ukumbi wa nne. Jumba lina kumbi tatu za maigizo, yeye akasema nafasi za nje ya kumbi hizo, zile ambazo wengine wangezifanya korido za kununulia karanga, ndizo ukumbi wa nne, na watu wenyewe ndio mchezo. Nilidhani ni maneno ya wasanifu tu. Lakini kaa pale saa moja. Unaingia bila tiketi, bila kuulizwa unakwenda wapi. Sakafu imepanda na kushuka kwa ngazi pana, kuna vibaraza vya ndani vinavyotazamana, ukiwa juu unawaona wa chini, wa chini wanakuona, na mbele yenu nyote ni kioo kikubwa kinachotazama mto. Dari ni ya zege vilevile, imekatwa mashimo ya pembe nne yaliyolala mshazari, na mshazari huo si urembo: jengo zima limechorwa kwa mistari miwili, mmoja umenyooka na mto, mwingine umekata kwa nyuzi 45, ndio maana ukumbi mkubwa umekaa upande upande kuelekea daraja. Chini wametandika zulia. Zege na zulia, mtu hawezi kukisia vinapatana, lakini zulia linameza kelele za viatu na sauti za watu zinabaki za kuzungumza, hazigeuki kuwa za stesheni.

Wanaokaa pale? Wanafunzi na kompyuta zao, kila mmoja na kikombe kimoja cha kahawa cha saa tano. Wazee wa Kiingereza na magazeti. Kina mama wenye watoto wa kusukumwa. Mmoja wetu, dereva wa basi kutoka Mwanza, huja kupumzika hapo kati ya zamu mbili, anasema hapo ndipo anapopigia simu nyumbani. London mahali pa kukaa ndani, pakavu, pa joto, bila kununua na bila kuswali, ni pachache sana, na wanaokuja kutoka kwetu wanajua ninachosema. Kwetu baraza iko mbele ya kila nyumba, mtu anapita anasalimu anakaa, hakuna anayemuuliza shida yake. Mji huu hauna baraza. Huyu bwana Lasdun, sijui kama aliwahi kufika Tanga au Unguja, lakini alijenga moja ya ghorofa kadhaa.

Mjomba alikunywa chai yake pale. Bei ya chai sitaitaja, nilimwambia ni ya ofa.

Lawama yangu kwa sebule hizi ni mwanga. Ukitoka kwenye kioo ukaingia ndani zaidi, giza linakufuata. Zege linakunywa mwanga, na taa zimewekwa kwa ubahili. Usiku wa onyesho ni pazuri, watu wanaonekana vizuri kwenye mwanga hafifu, mke wangu hasa. Lakini mchana wa Novemba kwenye kona ya ndani huwezi kusoma gazeti. Ya pili ni kupotea. Kuna ngazi nyingi mno. Unapanda nusu ghorofa, unageuka, unapanda nusu nyingine, unajikuta uko kwenye roshani ya ukumbi ambao si wako. Vibao vipo, lakini jengo linalohitaji vibao vingi namna ile limeshindwa kitu fulani. Tena hapo zamani hata mlango wenyewe wa kuingilia ulikuwa umejificha. Matengenezo makubwa yaliyofanywa na ofisi ya wasanifu ya Haworth Tompkins, yaliyokamilika mwaka 2015, yameufungua upande wa mto. Mgongo wa jengo pia, upande wa barabarani ambako malori hushusha, ulikuwa ukuta na makopo ya taka. Sasa una karakana zenye vioo.

Na hapa naomba unisikilize vizuri, hasa kama wewe ni fundi wa aina yoyote. Matengenezo hayo yalileta kijia cha juu, wanakiita Sherling Walkway. Unapanda ngazi karibu na ukumbi mdogo, unaingia kwenye ujia mwembamba, na chini yako, nyuma ya kioo, ni karakana inayotengeneza mandhari ya jukwaani. Bure. Wapita njia hawakijui, watalii wako nje wanapiga picha na mto. Mimi nimesimama hapo nikamwangalia seremala mmoja akitengeneza ngazi ya mviringo ya nyumba ya kitajiri: mbao nyepesi, fremu ya chuma ndani, gamba la juu la plywood jembamba limekunjwa kwa kukatwakatwa mgongoni. Kwa mbele ni jumba la kifalme. Kwa nyuma ni vipande vya mbao na namba za penseli. Ndani ya jengo moja una watu waliojenga kitu kisichodanganya hata chembe, na watu ambao kazi yao ni kudanganya kuanzia asubuhi hadi jioni, na wote ni maseremala. Mjomba alikaa pale muda mrefu kuliko alivyokaa mahali pengine popote London. Akaniuliza kama ngazi ile mtu anaweza kuipanda kweli. Nikamwambia lazima, waigizaji wanaikimbilia. Akasema basi pale mguu wa tatu waongeze kizuizi. Siku za kazi ndizo za kwenda, mwishoni mwa wiki unaweza kukuta karakana imelala.

Kumbi zenyewe nitazisema kwa kifupi, na kwa jicho la saiti.

Lyttelton una viti karibu 890 na jukwaa la fremu, lile la kawaida, watu wote wanatazama mbele. Unaona vizuri, unasikia vizuri, hauna la kusimulia. Dorfman ndio mdogo, ulikuwa unaitwa Cottesloe, ukabadilishwa jina mwaka 2014. Ni chumba cha mstatili chenye roshani pande tatu, viti vya chini vinaondoleka, kwa hiyo leo ukikuta jukwaa mbele, mwezi ujao utalikuta katikati. Hapo ndipo mwaka 2017 walionyesha mchezo kuhusu vinyozi wa Kiafrika, kutoka London mpaka Lagos na Kampala, na watu wetu walijaa mpaka ukumbi ukawa na kelele za kinyozi kweli, watu wanaitikia, wanacheka kabla sentensi haijaisha. Ukumbi mdogo unaruhusu hilo. Uko karibu kiasi kwamba mwigizaji akikutazama unageuza macho.

Olivier ndio mkubwa, viti zaidi ya 1,100, vya zambarau, vimeshuka kwa umbo la kipepeo cha mkono kuelekea jukwaa lililo wazi. Hakuna fremu wala pazia linalokutenga na mwigizaji. Kuta za pembeni ni zege lilelile la mbao, na ukiwa umekaa pembeni unaweza kuligusa wakati mfalme anauawa. Chini ya jukwaa kuna kitu ninachotaka siku moja nikione kwa karibu: pipa kubwa la chuma, urefu wa ghorofa tano, linalozunguka, na ndani yake lifti mbili zinazopandisha mandhari nzima kutoka chini ya ardhi. Nyumba inazama, meli inapanda, wakati watu bado wanaongea. Lilichukua miaka mingi baada ya ufunguzi kabla halijafanya kazi inavyotakiwa, na sishangai. Mtu yeyote aliyewahi kusimamisha lifti ya kawaida ndani ya shimo la zege lililojengwa na timu nyingine anajua habari ya milimita.

Tatizo la Olivier ni sauti. Waigizaji wamelalamika tangu mwanzo, na ukikaa pembeni kabisa utajua kwa nini. Mwigizaji anapogeukia upande wa pili, maneno yanakwenda huko na wewe unabaki na mgongo. Epidaurus wanasema sarafu ikidondoka unaisikia kutoka juu. Hapa namba za viti vya pembeni zingeuzwa nusu bei, na nyingine ndivyo zinavyouzwa. Kwa hiyo ushauri wangu: Olivier kaa katikati hata kama ni nyuma sana. Nyuma katikati unaona kila kitu, mteremko ni mkali, hakuna kichwa cha mtu mbele yako. Mbele pembeni, hapana.

Tiketi za bei nafuu hutolewa mtandaoni kila Ijumaa kwa maonyesho ya wiki inayofuata. Uwe tayari na simu mkononi, zinaisha upesi. Ziara za nyuma ya jukwaa zipo kwa kulipia, na zinajaa mapema. Jumapili usitoke nyumbani kabla hujahakikisha kama wamefungua.

Kufika ni rahisi. Stesheni ni Waterloo, lakini usitoke kwa njia ya chini, utapotea kwenye mahandaki. Panda basi lolote linalovuka Waterloo Bridge, shuka upande wa kusini, shuka ngazi za daraja. Daraja lenyewe litazame unaposhuka: limejengwa upya wakati wa Vita vya Pili, na sehemu kubwa ya vibarua walikuwa wanawake kwa kuwa wanaume walikuwa vitani. Chini yake kuna meza za vitabu vya mitumba. Ukishapita meza hizo, geukia kulia na uanze na ukuta, kabla ya mlango. Vua glavu.